Mabalozi wa mazingira wa chuoni kwetu: nyota nne, na ile ya tano ni ya dada wa usafi

Wadau habarini. Watu wanaandika rivyu za simu, za saluni, za sehemu za nyama choma, na mimi leo naandika ya huduma ambayo hailipiwi hata senti na naipata kazini kila siku, yaani mabalozi wa mazingira. Nipo masjala ya chuo kimoja hapa Dodoma, jina la chuo naliweka pembeni kwa sababu nina sifa za kutoa na nina lawama pia, sitaki mtu aitwe kwa bosi kwa ajili yangu. Nimekuwa mteja wao tangu Oktoba mwaka jana kwa hiyo mwaka umetimia na nadhani nina haki ya kusema.

Kwa asiyejua, hawa ni watumishi wenzetu kumi na moja waliojitolea. Sio kamati, hawana posho ya kikao, hawana fulana. Kuna fundi sanifu wa maabara, katibu muhtasi, kijana wa IT, mhasibu, dereva, wahadhiri wawili na wengine. Kila mmoja ana korido yake. Anakuja ofisini kwenu anaomba dakika ishirini, mnazunguka wote mnaangalia swichi, AC, printa, birika la umeme, bomba, pipa, halafu anauliza nyie wenyewe hapa mnaona mnaweza kubadilisha nini, chagueni mambo matatu tu. Yanaandikwa kwenye karatasi moja inabandikwa nyuma ya mlango, baada ya mwezi anarudi kuuliza mmefikia wapi. Na kila Ijumaa jioni kuna mtu wa zamu anapita kuangalia kilichoachwa kinawaka. Basi, hiyo ndiyo huduma yote.

Wazo alikuja nalo mhadhiri wetu mmoja aliyesoma Uingereza. Kule vyuo vikuu vina mpango unaitwa Green Impact, unaendeshwa na SOS-UK, shirika lililotokana na umoja wa kitaifa wa wanafunzi wa kule, NUS. Idara inajiunga kama timu, inapewa orodha ya vitendo, kila kitendo kina alama zake, wanafunzi wanafundishwa kuja kukagua, mwisho kuna tuzo. Kwetu walianza hivyo hivyo na alama, na niseme ukweli ile miezi mitatu ya kwanza sikuipenda kabisa. Siku ya ukaguzi ikijulikana tu utaona taa zote zimezimwa, watu wamekaa gizani na mapazia yamefungwa, wakaguzi wakishatoka korido ya kwenu kila kitu kinawashwa. Mkuu wa kitengo chetu aliniambia nifiche pipa letu stoo ili tuonekane hatuna taka. Nililificha, na moyoni niliumia, nikajiuliza hivi tunamdanganya nani hapa. Januari wakazifuta alama, wakaja na huu utaratibu wa mambo matatu ya kuchagua wenyewe, na hapo ndipo huduma ilipoanza kuwa huduma.

Sasa niwaambie kilichonifanya niwaamini. Choo cha korido yetu kina bomba la kunawia lilikuwa linadondosha matone, tumelizoea, hata sauti yake tulikuwa hatuisikii tena. Balozi wetu ni yule fundi sanifu wa maabara, kijana mpole sana, akaingia akasimama pale akasikiliza, akaondoka bila kusema kitu. Akarudi na kopo la maabara lile la vioo la mililita 500 akalitega chini ya bomba akaangalia saa. Dakika thelathini na tano limejaa. Akatuita. Akasema hesabu yake ni ndogo tu, hii ni dumu moja la lita 20 kila siku, usiku na mchana, Jumamosi na Jumapili, kwa mwaka ni madumu 365. Ijumaa saa kumi jioni akaweka dumu tupu pale chini na kipande cha bomba la plastiki la kuelekezea maji, Jumatatu asubuhi tumefika saa moja na nusu dumu limejaa limemwagika mpaka mlangoni.

Prof wetu mkuu wa idara akapita akaona sakafu imelowa akauliza kuna nini, yule kijana akasema shikamoo Prof, samahani, hapo nyumbani mgao ukibana mnanunua dumu shilingi ngapi? Prof akanyamaza. Mimi nakaa Nkuhungu, dumu nimeshanunua mpaka mia tano kwa mtu wa mkokoteni, Prof naye ana nyumba yake na tenki lake na anajua. Raba ya lile bomba ilinunuliwa siku hiyo hiyo, bei ya soda, na fundi aliifunga kwa dakika kumi. Tulikuwa tumekaa na lile tatizo zaidi ya mwaka mzima.

Nililiwaza sana lile jambo jioni nikiwa nyumbani nakinga maji ya kuoshea vyombo ili nimwagie mchicha. Nyumbani sisi wote ni watu wa kubana maji. Dodoma mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, na maji ya mji kwa miaka mingi yametegemea zaidi visima vya Mzakwe, na mji wenyewe sio ule wa zamani, sensa ya 2012 jiji lilikuwa na watu laki nne na kidogo, ya 2022 ni zaidi ya laki saba na nusu, chuo kikuu kimekuja, serikali imehamia, na wengi tunachota kule kule. Mtoto wa Dodoma anajua thamani ya dumu kabla hajajua kusoma. Halafu mtu huyo huyo akishavuka geti la chuo anafungua bomba linatiririka anaongea na simu. Sio kwamba ni mbaya, ni kwamba pale ofisini bili haimfikii na hakuna anayemuuliza. Kwa hiyo tabia tunazo, tumelelewa nazo na bibi zetu, tunaziacha getini. Hawa mabalozi hawakuja kutufundisha kitu kipya, wanatukumbusha tu tuingie nazo ndani, na ndio maana mimi naona wanafaa kuliko yale mabango ya kuokoa dunia yaliyobandikwa miaka mingi pale ngazini mpaka yamepauka.

AC sasa. Hii ilikuwa vita. Tuna Dokta mmoja ofisi ya jirani anaweka AC nyuzi 16 kutwa nzima na mlango wazi ili na sisi wa korido tupate baridi, ana moyo mzuri kwa kweli, lakini Juni na Julai Dodoma baridi ya asubuhi unakuja kazini na jaketi na bado AC yake inanguruma. Balozi hakumgombeza, alimpelekea kipimajoto cha maabara akamwambia Dokta kaa nacho mezani wiki moja uniandikie ofisi yako inakuwaje saa tatu, saa sita, saa tisa. Mtu wa sayansi ukimpa kipimo umemmaliza. Akagundua kwamba mpaka saa tano asubuhi dirisha likiwa wazi na ule upepo wetu ofisi haina shida yoyote. Na akaeleweshwa kitu ambacho hata mimi sikujua, kwamba AC za kawaida ukiweka 16 hazipoozi haraka kuliko ukiweka 24, mashine inafanya kazi kwa nguvu ile ile mpaka ifike ulipoiambia, sasa ukiiambia 16 haifiki leo wala kesho, inakimbia tu.

Bado alikuwa na hoja, akasema lakini umeme sasa hivi tunao, Bwawa la Nyerere pale Rufiji ni megawati 2,115, enzi za mgao wa 2023 zimepita, mnatubania nini. Hoja ya maana na aliisema kwa heshima. Aliyemjibu ni mama katibu muhtasi wetu, akasema ni kweli Dokta umeme upo, ila bili ya hapa inalipwa na fungu lile lile la OC, hela ya matumizi ya kawaida ya ofisi, ambalo mimi na wewe tunasubiri litununulie tona tangu Februari. Watu wakatulia. Sasa hivi AC yake inawashwa saa sita, nyuzi 24, na mlango anafunga. Ofisi za upande wa magharibi zinazopigwa na jua la jioni Oktoba na Novemba hizo waachiwe jamani, kule bila AC mtu anaumwa kichwa, na mabalozi wamekubali hilo bila kubishana. Nimependa hiyo, hawana ushupavu wa kijinga.

Upande wangu masjala jambo letu lilikuwa karatasi. Mfumo wa ofisi mtandao tunao, faili la kielektroniki lipo, lakini dokezo linaandikwa kwenye kompyuta, linaprintiwa, linasainiwa kwa kalamu ya bluu, linaskaniwa, linapandishwa kwenye mfumo, na ile karatasi inawekwa kwenye faili la kawaida kwa usalama. Kitu kimoja mara tatu. Tulichagua tuanze na rahisi, kijana wa IT akakaa kwenye printa yetu dakika tano akaiweka iwe inaprinti pande mbili yenyewe bila mtu kuchagua, anayetaka upande mmoja ndio aende kubadilisha. Jamani hiyo peke yake! Tulikuwa tunafungua rimu nne kwa wiki, sasa mbili, wiki za usajili tatu. Hakuna aliyehubiriwa wala kuandikiwa imeili, mashine imebadilishwa mazoea na sisi tukafuata. Kama unafanya kazi ofisi yoyote na una dakika tano leo, mwite mtu wako wa IT, hiyo ndiyo ya kuanza nayo.

Lakini hapo hapo kwenye karatasi ndipo walipokosea, na hili naliandika nikiwa serious kwa sababu ni kazi yangu. Walianzisha boksi la karatasi zilizotumika upande mmoja, zinakatwa nusu, zinabanwa na gundi zinakuwa vijidaftari vya kuandikia namba za simu na ujumbe. Wazo zuri. Ila hakuna aliyetuuliza masjala nini kiingie kwenye boksi na nini kisiingie. Siku moja mwanafunzi kaja dirishani kuulizia barua yake, mwenzangu kamwandikia namba ya kumbukumbu kwenye kijikaratasi, binti kageuza nyuma kakuta matokeo ya darasa zima na namba za usajili. Alinirudishia mwenyewe, akaniambia mama hii nadhani sio yangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Vijidaftari vyote tulivikusanya jioni ile, vikachanwa kwenye mashine. Sasa kuna sheria, boksi linapita masjala kwanza, chenye jina la mtu, matokeo, mshahara au neno siri hakitoki. Mazingira yasiwe sababu ya kuanika taarifa za watu. Wamekubali kosa, wameomba radhi, lakini nusu nyota ilienda hapo.

Vikao ndio hadithi inayoniuma zaidi. Kikao cha watu ishirini na tano kilikuwa chupa hamsini za maji za nusu lita, na nusu yake zinaachwa zimenywewa funda mbili. Mifuko ya plastiki tuliiaga nchi nzima tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa zimebaki. Mabalozi wakaleta majagi na glasi, maji yanatoka kwenye lile dumu kubwa la dispensa, ukumbi ukapendeza, picha zikapigwa, Mkuu akasifia. Sasa nani anaosha glasi ishirini na tano, mara vikao vitatu kwa siku? Hakuna aliyejiuliza. Mimi niliona kwa macho, napita saa kumi na moja jioni kwenda kuwahi daladala, dada wetu wa usafi yupo kwenye karai amechuchumaa anaosha glasi, basi la wenzake wa kampuni limeshaondoka. Hajalalamika. Mshahara wake ni ule ule, yeye sio mwajiriwa wa chuo, ni wa kampuni ya usafi, kwenye kikao cha kuanzisha huu utaratibu hakualikwa. Nilimsaidia kusuuza siku hiyo, na ndio siku niliyoongea naye kwa mara ya kwanza zaidi ya mbukwenyi, salamu yetu ya Kigogo, ya asubuhi.

Nikajua mambo ambayo mabalozi wote kumi na moja walikuwa hawayajui. Kwamba ana miaka mitatu anazima taa na feni za ofisi kumi na nne za ghorofa ya juu kila asubuhi akiingia kudeki, kwa sababu zinalala zikiwaka, na hajaambiwa na mtu. Kwamba anajua ofisi ipi inaacha birika kwenye soketi. Kwamba mabomba yote matano yanayovuja anayajua na ameshayasema kwa msimamizi wake na yakaishia huko. Na lile dumu la bluu lililoko nyuma ya jengo chini ya mrija wa AC ambalo sisi wote tulidhani ni la mafundi, ni lake, anakinga maji yanayodondoka kwenye AC anamwagilia ile miarobaini mitatu ya kwenye maegesho. Nikamuuliza linajaa? Akasema kifuku, mwezi wa pili wa tatu hewa ikiwa na unyevu, jioni anapata nusu dumu kwa AC mbili, kiangazi mwezi wa nane hata kikombe hakifiki, ndio maana kiangazi anatumia maji ya kudekia yale ya mwisho ambayo hayana sabuni nyingi. Ile miarobaini ndiyo kivuli tunachogombania kupaki magari na hatukuwahi kujiuliza imekuaje ipo hai.

Kesho yake nilimwambia balozi wetu. Alisimama kama amemwagiwa maji. Kwa sifa yake, alienda mwenyewe kumuomba radhi, akamwita dada yangu nisamehe, na kuanzia wiki ile glasi kila mtu anaosha yake mwisho wa kikao, kuna karai mbili mlangoni, na Prof naye anakunja mikono ya shati anaosha. Inachukua dakika nne.

Na hapa ndio nifike kwenye miti, maana ndio ilikuwa sehemu yao dhaifu. Kila Januari chuo kinapanda miti. Ile kampeni ya Dodoma ya kijani sote tunaijua na tunaipenda, lakini chuoni kwetu inakuwa mashimo mia tatu, picha, hotuba, na Agosti ukipita unakuta vijiti. Hakuna aliyepangiwa kumwagilia. Mabalozi walikuja na wazo la kila ofisi iwe na mti wake, kibao na jina la idara, nikaona yale yale. Dada wa usafi alikuwa anaokota vikombe pale kikaoni (siku hiyo alialikwa kukaa lakini alikuwa bado ana aibu), akasema kwa sauti ndogo, samahanini, kwa nini mnachimba wakati miti ipo? Watu wakageuka. Akasema kwao upande wa Mpwapwa wanafanya kisiki hai, kule nyuma ya maabara kuna visiki vya mikole na migunga vinachipua kila mvua na kila mwaka watu wa kufyeka wanavikata vyote wanachoma.

Wengi wetu kisiki hai tumeisikia, shirika la LEAD Foundation wameizungusha sana mkoa huu na wakulima wengi wanaifanya mashambani kwao. Lakini kusikia ni kitu kingine. Alitupeleka mwenyewe, tulikuwa kama tisa, saa nane mchana, jua kali, wahadhiri na viatu vyao vya kupiga kiwi. Akachuchumaa kwenye kichaka ambacho mimi ningekiita takataka, akakifungua kwa mkono kama mtu anayechambua nywele za mtoto, ndani yake kisiki kipana kama sahani, na machipukizi labda ishirini yamebanana yanagombania. Akasema huyu mizizi yake ipo chini miaka mingi, maji anayo tayari, hahitaji dumu lenu. Unachagua matatu yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine unakata, matawi ya chini unapunguza, unafunga kitambaa ili kila anayepita ajue huyu ana mwenyewe, halafu unamlinda na mbuzi na moto na fyekeo. Akakata pale pale kwa panga la mtunza bustani. Akachana kipande cha khanga yake chakavu ya kufutia akafunga. Nyekundu ile inaonekana mpaka dirishani kwangu.

Tulifunga visiki thelathini na nane siku ile na wiki iliyofuata. Gharama ni panga na matambara. Yule mhadhiri wa Uingereza alikaa kimya njia nzima ya kurudi halafu akasema yeye ameandika andiko la mradi la kurasa arobaini kuomba hela ya miche. Kilichonigusa mimi ni kwamba maarifa yalikuwa yanapita mlangoni kwetu kila asubuhi na ndoo na tambara, na sisi tulikuwa tunayasalimia tu.

Mengine kwa haraka. Mapipa ya rangi tatu, hayafai, mnatenganisha vizuri asubuhi halafu jioni yote yanamwagwa kwenye tori moja, watu wameona na wameacha, bora yaondolewe mpaka kuwe na mtu wa kuchukua plastiki kweli. Maabara wamefanya vizuri, ile friza kubwa ya nyuzi hasi 80 inayokula umeme kama nyumba nzima wameisogeza hasi 70 kwa sampuli zinazoruhusu, wamegandua barafu na kutupa sampuli za watu waliohitimu zamani, hiyo friza kwa nyuzi hizo kumi inapunguza umeme karibu theluthi. Kantini inapikia gesi lakini hiyo mabalozi wasijihesabie, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliagizwa ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, ni agizo la serikali na mama zetu wa jikoni ndio waliohangaika kujifunza majiko mapya.

Ila balozi dereva lazima nimtaje. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024, mtu mmoja akiitwa kikao Dar bado alikuwa anapewa Land Cruiser na dereva, kilomita kama mia nne na hamsini kwenda, hizo hizo kurudi, kutwa nzima barabarani, kwa ajili ya kikao cha masaa mawili. Treni ya umeme inachukua chini ya masaa manne. Aliyependekeza kwamba anayesafiri peke yake bila mzigo apande treni ni dereva mwenyewe, mtu ambaye posho ya safari ndiyo inamsomeshea watoto. Nilimuuliza kaka, hii si unajikata mwenyewe? Akasema amezika wenzake wawili wa barabara ile ya usiku, na kwamba safari za vijijini za utafiti treni haifiki, kazi itakuwepo. Mimi naomba uongozi wamwangalie, safari za mikoani na vijijini wampe yeye kwanza. Mtu akitoa cha kwake kwa ajili ya wote asiachwe na hasara peke yake.

Kwa hiyo nyota nne. Huduma ni nzuri kwa ofisi yoyote yenye watu kati ya watatu na kumi na tano, zaidi ya hapo igawanywe. Kama chuoni kwenu mnataka kuanza, msianze na alama wala uzinduzi, anzeni na mtu mmoja wa kila korido anayejulikana kwa upole, na kabla hajagonga mlango wa kwanza akae nusu saa na watu wa usafi na walinzi, awaulize wanaona nini saa kumi na mbili asubuhi na saa mbili usiku. Wakuu nao wapitiwe, korido ya utawala mpaka leo haijachagua mambo yake matatu, kila balozi akienda anaambiwa wapo kikaoni. Na dada wa usafi awe balozi kwa jina na kwa maandishi, na kampuni yake ilipwe huo muda wake, ile nyota ya tano nimemwekea yeye siku hiyo ikifika.

Kitu cha mwisho kinachonikosesha usingizi ni wafyekaji. Mkataba wao unawaleta kila mwaka mvua zikishaisha na nyasi zikikauka, na safari hii wamechelewa tu, wanaweza kuja wiki yoyote. Mkole ule wa kitambaa chekundu umeshanifika begani. Mabalozi wameandika barua kwenda kitengo cha miliki kuomba eneo la nyuma ya maabara lisifyekwe, waweke mpaka wa mawe, na dada ndiye aelekeze wafyekaji wapite wapi. Barua imefika masjala Jumanne, nimeigonga muhuri mwenyewe, nimeifungulia faili lake jipya na kuipandisha kwenye mfumo siku hiyo hiyo saa nne. Leo Ijumaa bado inasomeka haijafunguliwa. Jumatatu nikifika naipeleka kwa mkono.